Kitufe Hakina Jina

Alikuja Jumatatu, Milembe binti Nkwabi,
kutoka Sikonge, juu ya lori la magunia ya mkaa,
fimbo yake ikahesabu ngazi zetu: tatu na nusu
(ile nusu fundi aliiacha, sisi tumeizoea).
Hakuketi. Aliweka simu mezani,
kati ya kompyuta yangu na kisahani cha karanga.
"Wewe ndiye uliyeijenga tovuti ya ushirika?"
Nikasema ndiyo, kwa majivuno kidogo.
"Basi isikilize."

Simu ikaanza kusoma. Sauti kavu, ya haraka,
Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kula ugali:
Kitufe. Kitufe. Picha. Kiungo, bofya hapa.
Kiungo, bofya hapa. Kiungo, bofya hapa.
Picha. Kitufe hakina jina.

Nilijua kila rangi ya ukurasa ule,
nilikesha nikitafuta manjano ya asali ya miombo.
Sikujua kwamba una sauti,
wala kwamba unaongea kama mlevi
anayegonga milango ya watu akitafuta kwake.

"Huku kwetu," akasema, "hata mapacha
waliofanana mpaka mama yao husita,
mmoja ni Kulwa, mwingine ni Doto,
na anayefuata tumbo lile ni Shija.
Wewe umezaa arobaini,
wote ukawaita Bofya Hapa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ana mizinga kumi na miwili porini.
Anaijua kwa mvumo: huu una malkia mzee,
ule umeingiwa na siafu. Mlembe akilia
hugeuza shingo, akafuata;
ndege yule haulizi una macho ya namna gani,
anaita, anangoja, anaita tena mbele kidogo.
Alitaka kuandikisha ndoo sita kabla ya mnada.
Mara ya kwanza fomu ikamfukuza: muda wako umekwisha.
Mara ya pili ikamtaka athibitishe kuwa ni mtu:
chagua picha zote zenye taa za barabarani.
Taa za barabarani! Sikonge!
Yuko mpwa wake ambaye angemsomea, lakini mpwa
alishamsomea mwaka jana, na ndoo mbili
hazikuonekana kwenye hesabu.

Usiku ule umeme ulikatika saa nne.
Nikaendelea kwa betri, nimefumba macho,
natembea kwa kidole ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe,
najigonga. Nikavipa vitufe majina:
Andikisha asali. Bei ya leo. Rudi ulikotoka.
Saa ya fomu nikaizima; nani anamkimbiza nani?

Zikabaki picha, mia mbili na kumi na nne.
Asubuhi nikampigia: hii ya kwanza, ya juu kabisa,
niandike tu "mrina asali"?
"Mrina gani?"
Nikanyamaza.

Ni yeye. Mwaka wa pili huu yuko pale,
kitenge cha bluu, sega mkononi, nyuki mmoja begani.
Wanunuzi wamemtazama, mabwana wa mnada wamemtazama,
mimi nimemtazama kila siku nikinywa chai,
na hakuna aliyemwambia.

Kwenye simu nikasikia kuku wa kwao,
mtu akitwanga, mbali.
"Nimevaa viatu?"
Hapana. Uko pekupeku.
"Aa. Siku ile ya wageni. Mlikuwa hamjanilipa."
Kisha, polepole: "Uso wangu ukoje?"
Umenuna.
"Andika hivyo hivyo.
Usiniwekee tabasamu."