Mgawo wa Uani

Siku ya tatu baada ya arobaini
Ndahani alikuja na mtu wa futi kamba.
Wakaupima ua wa mama, Makole,
kuanzia ukuta wa choo hadi mlangoni kwa Mama Damari,
wakaandika kwenye daftari la shule.
Mimi nilikuwa nimechuchumaa na kisu cha vitunguu.

Nilianza na waridi.
Tawi nene kama penseli, si changa, si kongwe,
nikalikata mshazari chini ya kifundo,
nikaliachia majani mawili lisife kwa kiu,
kisha nikalichovya kwenye utomvu wa shubiri,
ile ile aliyojipaka mama kifuani
alipotuachisha ziwa, Ndahani na mimi.
Uchungu ule ule. Sasa eti unaita mizizi.

(Mama alisema unaita. Mimi sijauona ukiitikiwa
zaidi ya mara nne katika kumi.)

Waridi la jangwani halitaki haraka.
Maganda yake mawili, kama pembe za ndama,
mama aliyafunga kwa uzi wa pindo la kanga
mwezi wa sita, kabla hajalazwa,
yasije yakapasuka naye hayupo
na upepo wa Dodoma, usiobisha hodi,
ukazibeba mbegu hadi Ihumwa.
Nikalifungua fundo lake.
Mbegu hamsini na moja, kila moja na vishungi vyake.
Nilizihesabu mara mbili,
si kwa ajili ya mbegu.

"Dada, weka sahihi hapa."

Nikasema subiri, mchaichai bado.
Kichaka kilijazana hadi katikati kikakauka,
watoto wamebanana kama sisi zamani, kitanda kimoja.
Nikachomeka jembe, nikalikanyaga,
kikaachana kwa sauti ya nguo kuukuu.
Vishada sita. Nikavipunguza majani,
nikavifunga kwenye gunia lililoloa.

Hebu andika na hii, mwenye futi kamba:
ua mkiugawa mara nne, kila mtu ana kichochoro.
Mchaichai nimeugawa mara sita
na kila kishada ni mchaichai mzima.

Hakuandika. Nikatia sahihi.
Karatasi yao ikabaki inanukia chai.

Sasa ni Novemba, Nkuhungu, nyumba ya kupanga.
Makopo ya rangi, mchanga wa korongo, samadi ya mbuzi,
chupa za maji zilizokatwa vitako
nimeyavika matawi kama kofia.
Mvua wanasema wiki ijayo. Walisema hivyo wiki iliyopita.
Matawi saba yameoza, nimeyang'oa.
Mbegu zimetoa vidole tisa, vinene, vya kitoto.

Kishada kimoja nilimpelekea Ndahani
ndani ya mfuko wa sukari. Akakitazama, akakipokea.
Jana Nyemo, mkewe, kanipigia:
unamwagiliwa asubuhi au jioni?

Jioni, nikamwambia. Na maji ya kuoshea mchele usiyamwage.
Alikaa kimya, simu hakukata.
Nyuma yake nikasikia jembe.