Wastani

Ottawa, mwezi wa pili,
barafu nje ni kali,
nasi na zetu shughuli
za kompyuta mezani.

Bwana Delaney, meneja,
idara nzima yangoja
neno lake moja moja,
hata kama halifani.

Barua pepe ijapo
huichapa papo hapo;
kwa wino ajibuapo,
nachapa mimi, jamani.

Nywila ameibandika
kiooni, yasomeka;
mfagizi kaishika,
sembuse mwizi wa ndani!

Siku moja kaniita:
"Kioo kimejifuta!"
Mbio mbio nikakuta
plagi iko zuliani.

Kimya nikaichomeka,
kioo kikaamka,
naye, bila kutamka
hata nusu ya shukrani,

akarejea simuye,
akamwambia mwenziye
fundi wa leo ni yeye,
tena tangu ujanani.

Machi, tathmini ya kazi:
kanipimia ujuzi,
kajaza kwa hati wazi
fomu nzima, si utani.

Kisha akanikabidhi,
akisema, "Uwe radhi,
ichape, iwe na hadhi,
ipelekwe barazani."

Nikaketi, nikachapa
maneno aliyonipa,
pasipo nukta kutupa,
kama mwana darasani:

"Chaurembo: kompyuta
bado kwake ni matata.
Kozi moja atapata.
Kiwango chake: wastani."

Punde tu nikimaliza,
kaja nyuma, kauliza,
sauti kaipunguza:
"Nibonye kitufe gani?"