Kura ya Saba

Kinyozi alizima mashine ili tusikizane.
Dukani mwake, Maweni, nyuma ya pazia la plastiki,
kamati ya Nyota ya Malindi ilikalia kreti za soda
kumjadili mtu mmoja
na goti lake la kushoto.

Famau Shee. Miaka thelathini na saba kwa kitambulisho,
na kitambulisho chenyewe, twajua sote,
kilikatwa akiwa ameshaota ndevu.
Amecheza Mombasa, amecheza Maskati misimu sita,
amerudi na koti la mazoezi lenye maandishi ya Kiarabu.
Ataka elfu arobaini kwa mwezi, na jezi nambari kumi,
ambayo sasa yavaliwa na Ngumbao, mwana wa muuza makuti,
aliyetimiza kumi na tisa juzi.

Mimi ndiye mweka hazina.
Daftari langu limeliwa pembe na mende.
Msimu uliopita tulishuka daraja kwa bao moja,
kisha wachezaji tisa wakaondoka
kama wageni wa harusi wali ukiisha.
Mlinda lango hushona glavu zake kwa uzi wa magunia.
Nilikuwa nimeandika: viatu, jozi kumi na nne.
Nauli ya Hola, kwenda na kurudi.
Mipira mitatu isiyo na viraka.
Elfu arobaini yala yote hayo
na kulamba sahani.

Mwinyikombo, katibu, akasema: utu uzima dawa.
Kocha Tsofa akajibu: la kuvunda halina ubani.
Methali zikagongana kama pembe za beberu,
goti likabaki palepale.

Jumatatu tulikuwa tumekwenda kumtazama.
Hakukimbia. Nawaambia, hata mara moja.
Alisimama katikati ya uwanja
kama mtu angojaye duka lifunguliwe.
Mpira ulipomfikia, yeye alikuwa ameshaangalia kwingine,
na pale alipoangalia
paliota mlango.
Kijana akapita. Bao.
Mara tatu hivyo. Kisha akainama,
kiganja juu ya goti,
akajifanya afunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.
Hilo ndilo nililoliona mimi.
Wenzangu waliona mabao.

Sasa mikono mitatu juu, mitatu mapajani,
na macho yote kwangu.

Nikiwa darasa la saba niliruka ukuta wa shule
nikamwone huyuhuyu akipiga kona.
Nilichapwa viboko vinne.
Nilivipokea kama bei ya tiketi.

Nikasema: hapana.

Pazia likasogea. Kumbe alikuwa barazani muda wote.
Aliingia, akatuamkia mmoja mmoja kwa jina,
akaketi kwenye kile kiti kirefu mbele ya kioo.
"Basi," akamwambia kinyozi, "ninyoe. Zote."
Mashine ikawaka.
Hatukujua kama kikao kimefungwa.

Jumamosi, dakika ya sabini, sufuri kwa sufuri.
Ngumbao ana mpira, viatu vipya, kumi mgongoni.
Kulia kwake pamefunguka.
Nimeuona ule mlango. Mimi, mwanamke wa daftari, nimeuona.
Nikageuka upande wa pili wa kamba:
Famau, kipara chang'aa juani,
kidole chake kimeshanyooka zamani.

Ngumbao akapiga shuti.
Juu, nje ya ukuta, barabarani.
Pikipiki ikapiga honi.
Mvulana akatumwa kuufuata,
na mlango ule, aliyeufunga sijui nani.

Tulitoka sare. Watoto walirukaruka
kana kwamba wametwaa kombe;
pointi yetu ya kwanza tangu Januari.

Usiku nikafunga hesabu.
Viatu, vipo. Nauli, ipo. Mipira, mitatu,
ule mmoja ulirudi na alama ya tairi.
Salio lilikuwa sawasawa, hadi senti.

Nikahesabu tena.