Jua Mgongoni

Kamera yenyewe ilikuwa sanduku jeusi
baba alilopewa na karani wa mkonge kule Kigombe
kufidia deni la shilingi arobaini.
Hukuiweka jichoni. Uliiweka tumboni,
ukainama, ukachungulia kwa juu
kama anayetafuta ndoo iliyozama kisimani,
na mle ndani, kwenye kioo kidogo kama kiberiti,
Barabara ya Kumi na Tatu yote imo,
kushoto kumekuwa kulia,
muuza kahawa anakuja kwa kwenda.

"Jua mgongoni," alisema baba. "Pumzi kifuani.
Na usichezee. Ni kumi na mbili tu."

Kumi na mbili, mpaka mwezi wa tatu uandame!
Nilikuwa na miaka tisa na ubahili wa miaka sabini.
Nyingi nilizipiga bila kubonyeza:
baiskeli imebeba kabati, kabati lina kioo,
kioo kimebeba mawingu ya Ngamiani nzima;
mwalimu Semkiwa akijikuna mgongo kwa rula.
Nilinyamaza, nikameza, zikapita.
Hizo ndizo ninazoziona vizuri mpaka leo.

Nilizobonyeza ni hizi:
Kidawa na pengo lake, kagoma kufumba mdomo.
Mbuzi wa jirani, yaani mkia wa mbuzi wa jirani.
Ya tatu ilikuwa… ya tatu sikumbuki.
Kandanda uwanja wa mchanga, vumbi tupu,
na katika vumbi, goti moja la nani sijui.
Na Bibi Mwanamize mlangoni, anapeta mchele,
hataki, anataka, hataki,
kisha anatengeneza ushungi.

Bwana Sequeira alinifungulia chumba chake cha giza.
Taa nyekundu kama kaa la mwisho jikoni.
Harufu ya siki. Karatasi nyeupe ndani ya maji,
anaitikisa sinia taratibu, kama abembelezaye mtoto,
na Kidawa akaja: pengo kwanza,
nyusi baadaye, shavu mwisho.
Nilitoka mbio. Nilirudi kwa aibu.

Bibi aliikataa picha yake.
"Ajuza gani huyu mmenibandika?"
Lakini ule mkanda, ule wa kuangalia kwa mwanga,
aliushika dirishani muda mrefu.
Mvi zake mle zilikuwa nyeusi tii.
Kaniki yake, nyeupe pepepe, ya biharusi.
"Basi hiki kipande niachieni mimi."
Akakitia kibwetani, pamoja na udi
na risiti za kodi ya kichwa ya marehemu babu.

Mwaka jana Kidawa alinipigia simu toka Makorora.
Picha zote zililiwa na mchwa, alisema,
kibweta kimepona.
Nikaenda. Nikakishika kipande kwa kucha mbili,
nikakielekeza dirishani kama yeye.
Msichana mwenye nywele nyeusi anapeta mchele mweusi.

Na chini, pembeni, kitu ambacho sikukiona utotoni:
jua lilikuwa mgongoni, nilitii,
basi kivuli changu kilianguka mbele yangu
hadi kwenye ungo wake.
Kwa kuwa mle kila jambo ni kinyume,
kivuli hakikuwa cheusi.
Kijitoto kisicho na uso, shingo imeinama,
mikono imekumbatia sanduku,
kinawaka
miguuni pa bibi.