Boflo Arubaini

Unga hukandwa saa nane za usiku.
Hivyo alikanda baba, hivyo alikanda babake,
hapa hapa Langoni, tanuri ile ile, ufa ule ule.
Sasa amri imebandikwa mlangoni mwa soko:
magharibi hadi asubuhi asionekane mtu nje.
Haikusema boflo litajikanda vipi.

Ilikuwa Jumapili, ng'ambo, kule Mtondooni.
Tulisikia kwanza kwa simu,
kisha kwa boti la alfajiri lililokuja tupu,
kisha kwa redio, tisa, kumi na nne, kumi na tisa,
bei ikipanda kama mnadani.
Gathogo wa duka la kona sijui alikuwa wa ngapi.
Ninalolijua ni daftari langu, ukurasa wa thelathini na mbili:
*Gathogo, boflo arubaini, bado.*

Siku ya tatu helikopta ikatua uwanja wa skuli.
Mheshimiwa akashuka, fulana ya risasi juu ya suti,
akasema hakuna jiwe litakalobaki halijageuzwa.
Mawe ya Lamu ni matumbawe, bwana.
Yamejengwa ukutani. Yana watu nyuma yake.
Wakayageuza hivyo hivyo.

Tulichanga. Msikitini, sokoni, hata watoto wa chuoni.
Hospitalini watu walijipanga kutoa damu
mpaka muuguzi akasema chupa zimekwisha.
Maboti mawili ya mchele na mablanketi yalivuka.
Moja lilipokewa.
La pili lilirudi na mchele wake,
kijana kasimama gatini: *Hatuli cha kwenu.*
Simlaumu. Lakini tangu siku hiyo
neno "wao" limeota miguu,
linapita vichochoroni hata wakati wa kafyu
na hakuna anayelidai kitambulisho.

Lali, mkandaji wangu, walimchukua saa tisa.
Walivunja mlango ambao haukuwa na komeo.
Kijana yuko macho usiku wa manane,
mikono myeupe hadi viwikoni.
"Nini hii?"
"Unga."
"Unga!" Wakaangaliana, wakacheka.
Nikasema wa ngano, wa boflo, onjeni.
Mmoja alionja kweli, akatema,
wakaondoka naye hajavua aproni.

Mamake, Mwanahidi, huenda kituoni kila siku
na chupa ya chai ya tangawizi.
Huambiwa uchunguzi unaendelea.
Juzi aliniuliza, si kwa mzaha:
"Uchunguzi huo una miguu mingapi,
uendelee wiki tatu usifike popote?"
Chai hurudi nayo. Hunipa mimi. Nainywa,
maana kuimwaga siwezi.

Alhamisi akaja Wangeci, mjane wa Gathogo.
Alikuwa ameonyesha kitambulisho mara nne
tangu atoke kwake, alikishika bado mkononi.
Hakuamkia. Akahesabu noti juu ya meza,
zile ndogo ndogo za dukani, zenye mafuta ya taa.
"Boflo arubaini."
Nikasema, mama, marehemu hadaiwi.
"Nadaiwa mimi," akasema. "Usinisamehe.
Kila mtu anataka kunipa kitu."

Nikapokea. Nikapiga mstari. Kalamu ilikwaruza.
Akawa haondoki.
"Yule kijana aliyekuwa akituletea yuko wapi?
Alikuwa akimpa mwanangu pembe zilizoungua."

Ningeweza kusema anaumwa. Ningeweza kusema kasafiri.
Nikamwambia alipo,
na usiku ule wa Jumapili alikuwa wapi:
hapa, pale, na lile karai.
Hakusema kitu. Alilitazama karai muda mrefu,
kama mtu asomaye barua ya mkono mbaya.
Akajifunga leso, akatoka.

Nje ya mlango wangu, kushoto ni gatini.
Kulia ni kituo cha polisi.
Boflo siku hizi hutoka adhuhuri,
mji unakula chakula cha asubuhi jua likiwa utosini,
na lile la kwanza lilikuwa linaanza kuungua.
Sikutoka kutazama alielekea wapi.