Upande wa Pili

Kanda ilitoka Dubai ndani ya kiatu.
Haikuwa haramu, ila Mundhir
alikuwa na miaka kumi na saba
na alitamani iwe.

Wadi Kabiri, Agosti ya themanini na saba,
kiyoyozi kinakohoa maji kwenye ndoo ya rangi,
kaka yangu na wenziwe watatu wamejifungia,
na mimi chumba cha pili
nimebandika bilauri ukutani,
sikio kwenye kitako chake.

Metali niliijua. Haitham wa jirani alikuwa nayo:
wanaume wa nywele za kuchoma na suruali za kubana
wakiimba majoka na mapenzi
kwa sauti ya kuku anayefukuzwa,
kinanda kikimwaga sukari juu ya kila kitu.

Hii ilianza kwa vijiti.
Moja, mbili, tatu,
na ya nne sikuisikia, ilikwisha mezwa.

Ngoma mbili za miguu, zikikimbia sambamba,
Gita limezibwa koo, likiukereza mwamba.

Nikahesabu kwa vidole, kama mama
anapopima beti zake kwenye daftari la dukani:
nane, na nane.
Kumi na sita. Tena kumi na sita.
Kumbe hawa watu, pamoja na kelele zote,
wana mizani.

Walikuwa wameuvua ule muziki.
Sijui niseme vipi vingine.
Wameuvua bangili, wameuvua kilemba,
wamebakisha mifupa na kasi,
na ndani ya kasi vishimo vidogo vya kimya
ambamo moyo unaporomoka kabla ya pigo kurudi.
Mwimbaji haombi kupendwa.
Anamtaja hakimu anayesinzia,
mji uliofunikwa na moshi,
kijana anayehesabu dakika.

Baada ya kanda ile kila bendi ilikuwa na deni:
kimbia,
au eleza kwa nini unatembea.
Haitham alibadilisha majoka yake yote kwa betri nne.
Kunjumon, fundi redio wa Ruwi,
aliwaundia kina Mundhir kikanyagio cha pili cha dramu
kwa bawaba za mlango wa choo,
akawaambia wasimwambie mtu.

Ila kanda tupu, siku zile, zilikuwa ghali,
na Saud, binamu yetu, alirekodi juu ya ile
aliyoikuta kwenye droo ya mamake.
Ilikuwa barua.
Watu wetu walitumiana sauti wakati ule,
Pemba kuja huku, huku kwenda Pemba,
salamu za nusu saa, kikohozi, watoto wakigombana nyuma.

Kwa hiyo mwisho wa upande wa pili,
gita la mwisho likishakatika,
kitufe kinalia ta,
na mama mdogo Rayya wa Wete anasema:
"...na huyo Mundhir mwambieni asome.
Mvua hapa hazijaacha. Haya, jogoo huyo, mnamsikia?"
Jogoo anawika.
Kanda inakwisha.

Alikuwa amezikwa Machi.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.
Sote tulingoja kofi.
"Rudisha," akasema.
Mundhir akataka kuipeleka mbele, afike pale pale.
"Usiikimbize, utaikata. Iache ije yenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa baada ya wali:
mama juu ya mkeka, daftari pajani,
miwani puani, akipitiwa na upande mzima wa radi
apate maneno kumi na matano na jogoo mmoja.

Ijumaa ya tatu, au ya nne,
niliviona vidole vyake vikienda gotini.
"Huyu wa ngoma," akasema bila kuinua macho,
"hapunguzi hata moja.
Ila ana haraka ya kwenda wapi?"

Mundhir akafungua kinywa, kaka yangu,
aliyekuwa na jibu la kila kitu kuhusu kanda ile,
nani alipiga nini, nani aliigwa na nani.

"Nyamaza," mama akasema. "Yuaja."