Sita au Saba

Rispa alikuja na kadi iliyokunjwa mara nne,
imeandikwa 2.00.
Alifika saa mbili asubuhi, Adero mgongoni,
akakaa kwenye benchi la Mbagathi mpaka saa nane,
kwa kuwa aliyeandika alifuata saa ya ukutani
na aliyesoma alifuata jua.
Wote wawili hawakukosea.
Mtoto alikuwa na homa.

Mimi kazi yangu ni majina.
Ghorofa ya tatu, kando ya jokofu lingurumalo,
nina jedwali la watoto tisini na wanane:
arobaini na mmoja wana kosa nafasi ya sita,
hamsini na saba, nafasi ya saba.
Muthengi, kijana wetu mwepesi wa hesabu,
akachora duara mbili, nyekundu na buluu,
akasema, haya ni magonjwa mawili.

Nikavuta kiti.
Ni selimundu ile ile, nikamwambia,
valini imekalia kiti cha glutamiki.
Wa zamani walianza kuhesabu baada ya ile ya mwanzo,
methionini, bawabu
anayefungua mlango kisha akaachwa nje.
Wa sasa wanamhesabu na bawabu.
Ndiyo sababu sita yao ni saba yetu,
kama saa moja uliyoamkia leo
ilivyo saba pale ukutani.

Akacheka. Kisha akanyamaza,
maana tulipomtafuta Adero tulimkuta mara tatu:
Adero, nafasi ya sita, damu iliyopimwa Siaya;
Adera, nafasi ya saba, damu iliyopimwa hapa;
na Mtoto wa Rispa, ambaye hakuna aliyejua ni nani.
Watoto watatu, mwili mmoja,
na dawa ya mwezi wa tano haikumfika hata mmoja,
kila safu ikidhani
imepewa ile nyingine.

Tukaunganisha. Jioni walibaki tisini na sita.
Hakuna aliyekufa, nilisema kwa sauti,
kwa sababu Muthengi aliiona namba ikishuka
na kalamu ikamtoka mkononi.

Sasa kuna karatasi juu ya jokofu:
*Anza na bawabu.
Taja rejea uliyohesabia.
Jina ni moja, hata kama hulipendi.*
Na chini, kwa mwandiko wa Muthengi:
*Saa, andika asubuhi au mchana. Tafadhali.*

Rispa alirudi Jumanne, na kadi mpya, isiyokunjwa.
Nikamuuliza jina la mtoto, herufi kwa herufi,
naye akalitaja polepole, kama anayemhesabia mtu chenji.
Nikauliza tena, bila sababu ya kazi:
na usiku, maumivu yakimshika, unamwitaje?

Nyadero, akasema.

Jina la nne.
Nililiandika pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo mashine haisomi.